Kupoteza usikivu ukubwani: Wengi huficha, wachache hupata wa kuwasaidia

Na Mwandishi Wetu

MTOTO mkaidi, katika Kiswahili, huitwa mtoto asiyesikia. Mtu mzima anayepuuza ushauri huambiwa kuwa hasikii, na wahenga wakakamilisha kwa kusema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Lugha yetu imefunga kusikia na kutii katika fundo moja. Si ajabu basi kwamba mtu ambaye masikio yake yameanza kupungua nguvu huhukumiwa kuwa mkaidi, mwenye dharau au mwenye maringo, muda mrefu kabla hajatambuliwa kuwa ana tatizo la kiafya.

Hukumu hiyo huanzia kwenye salamu. Katika jamii ambamo kijana hupimwa kwa shikamoo yake na mkubwa hupimwa kwa namna anavyoipokea, mama anayesalimiwa na watoto wa jirani akapita bila kuitikia marahaba huonekana amebadilika. Mfanyakazi anayeitwa mara mbili na mkuu wake bila kugeuka huonekana ana kiburi. Hakuna anayefikiria sikio, kwa sababu sikio hilo halina bandeji, halijavimba, na mwenye nalo hatembei na fimbo.

Makala haya yanawahusu watu wa aina hiyo: waliozaliwa wakisikia, wakasoma, wakaoa au kuolewa, wakashika kazi, kisha usikivu ukaanza kuwaponyoka polepole au ghafla. Si viziwi kwa maana ambayo jamii imeizoea, wala hawasikii kama wengine. Dawa na vifaa vina nafasi yake, na vitaelezwa. Lakini jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba maisha ya mtu huyu hutegemea zaidi namna watu wa nyumbani kwake wanavyozungumza naye, na kama amewahi kukutana na mwenzake mmoja tu mwenye shida kama yake.

Idadi yao si ndogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Machi 2021 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia, na kwamba miongoni mwao watu milioni 430 wanahitaji huduma ya kuwarekebisha au kuwasaidia kusikia. Karibu asilimia 80 ya hao milioni 430 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo lilikadiria pia kuwa ifikapo mwaka 2050 idadi yao itapita milioni 700.

Ili kuelewa mateso ya mtu huyu, ni lazima kwanza kuelewa kwamba tatizo lake si sauti kuwa ndogo. Wengi hudhani usikivu hupungua kama redio inavyopunguzwa sauti, kila kitu kikawa kidogo kwa kiwango kilekile. Sivyo inavyokuwa.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja mfano wa konokono, kiitwacho koklea. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno, zipatazo 15,000 hivi katika kila sikio, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva zinazokwenda kwenye ubongo. Mwanadamu huzaliwa na chembe hizo zikiwa zimetimia. Zikifa, hazioti tena. Mara nyingi zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba za juu, na zile zinazopokea sauti nzito za chini hubaki kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili ni lugha ya irabu. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu na zinazobeba sauti ya chini. Konsonanti kama s, sh, f, th, t, k na ch ni hafifu na zipo juu. Mtu aliyepoteza sauti za juu hupokea mkondo wa irabu usiokatika, lakini viungo vinavyotenganisha neno na neno vimemwagika njiani. Sita na tisa kwake ni neno moja. Sitini na tisini hali kadhalika. Akiambiwa sokoni kuwa samaki ni elfu tisa, hutoa elfu sita, kisha hushangaa kwa nini muuzaji amekunja uso. Akiuliza nyumbani baba yuko wapi, hajui kama amejibiwa kuwa baba ametoka au amechoka. Fika, pika, shika na zika humjia kwa sura moja, naye hulazimika kuchagua neno kwa kukisia mazungumzo yanahusu nini.

Ndiyo maana husema kauli ambayo wenzake huiona kama kisingizio: sauti naisikia, maneno siyapati. Ni kauli sahihi kabisa. Na ndiyo maana kumpigia kelele hakumsaidii. Anayepiga kelele huongeza nguvu ya irabu, ambazo tayari zinasikika, wala haongezi konsonanti zilizopotea. Zaidi ya hapo huukunja mdomo na uso wake hata msikilizaji akashindwa kuusoma.

Kusoma midomo nako kuna mipaka. Sauti nyingi hutengenezwa ndani ya kinywa mahali ambapo jicho halifiki, na nyingine hufanana mno kwa nje. Simama mbele ya kioo useme baba, kisha useme mama, kisha papa. Midomo itafanya mambo yaleyale mara zote tatu. Hata hivyo watu wengi waliopungukiwa usikivu husoma midomo kwa miaka mingi bila wao wenyewe kujua. Barakoa zilipoenea wakati wa janga la Korona, kuanzia mwaka 2020, wapo waliogundua kwa mara ya kwanza kuwa hawasikii vizuri, kwa kuwa midomo waliyokuwa wakiitegemea ilifunikwa. Hapa mjini kuna jambo jingine lenye athari hiyohiyo, nalo ni umeme kukatika usiku. Familia nyingine huendelea na mazungumzo gizani kama kawaida, na mtu mmoja kati yao huwa ametolewa kwenye mazungumzo hayo mara tu taa zilipozimika. Mume na mke waliozoea kuzungumza baada ya kuzima taa nao hupoteza saa yao ya faragha, na mara nyingi hakuna kati yao anayetambua kwamba kilichowatenga ni giza.

Kusikia kwa namna hii huchosha. Kila sentensi ni fumbo ambalo ubongo hulifumbua kwa kasi, na kabla haujamaliza, sentensi nyingine imekwishaingia. Ifikapo jioni mtu amechoka kana kwamba amebeba mizigo bandarini, ilhali alikuwa ameketi ofisini. Polepole hujifunza mbinu za kujificha. Hutikisa kichwa. Hucheka wenzake wanapocheka. Huzungumza yeye mfululizo ili asilazimike kusikiliza. Mwishowe huacha kwenda kwenye vikao vya harusi, hukaa pembeni msibani, na simu ikiita humpa mtoto aipokee.

Kuficha huku hakukuanza leo wala si kwa watu wanyonge pekee. Mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven alianza kupungukiwa usikivu kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka 1802, akiwa na miaka 31, aliwaandikia ndugu zake barua ndefu akikiri kuwa alikuwa akikwepa watu kwa sababu hakuweza kuwaambia kuwa hasikii. Ilikuwa aibu kwa mtu wa kazi yake. Barua hiyo hakuituma. Ilikutwa katika makaratasi yake alipofariki mwaka 1827.

Upweke unaotokana na hali hii una gharama ya kiafya. Jopo la wataalamu waliochapisha tathmini zao katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 2017, na tena mwaka 2020 na 2024, liliuweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo makubwa yanayoongeza uwezekano wa mtu kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Hapo ieleweke kuwa si kila asiyesikia atapata ugonjwa huo. Lakini familia ambayo imeanza kusema kuwa babu amechanganyikiwa kwa sababu hujibu mambo ambayo hakuulizwa, ingefanya vema kumpima masikio kwanza. Mtu aliyeulizwa habari ya kuku akajibu habari ya kuni huenda akili yake ni timamu kabisa.

Kuhusu visababishi, orodha ni ndefu na mingi kati yao inajulikana: umri, kelele, maambukizi ya sikio la kati yanayotoa usaha na kutoboa kiwambo, homa ya uti wa mgongo, na hata nta iliyoziba tundu, ambayo daktari huitoa kwa dakika chache na mtu akasikia tena. Kelele huua chembe za koklea kwa hesabu inayojulikana. Wataalamu wa afya kazini huichukua desibeli 85 kuwa kiwango cha juu kwa saa nane, na kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 ni robo saa tu. Wafanyakazi wa mashine za kusaga nafaka, wachomeleaji, na vijana wanaoegemea spika katika kumbi za starehe wanapaswa kuijua hesabu hiyo.

Mambo mawili yanastahili kusisitizwa kwa sababu hayafahamiki vya kutosha. La kwanza ni dawa. Wengi waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka jinsi masikio yalivyokuwa yakivuma. Kwa kawaida mvumo huo hutoweka dawa inapokwisha mwilini. Zipo dawa nyingine, hasa sindano za jamii ya streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini, ambazo zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu sugu walichomwa sindano za aina hiyo kwa miezi kadhaa, na baadhi yao walipona mapafu wakapoteza masikio. Mwaka 2018 WHO ilibadili mapendekezo yake na kuvipa vidonge nafasi ya kwanza badala ya sindano hizo. Dawa hizi nyingine bado huokoa maisha, na mgonjwa hapaswi kuziacha kwa hofu. Anachopaswa kufanya ni kumweleza daktari mara tu anaposikia mlio mpya masikioni.

La pili ni uziwi wa ghafla. Mtu akilala akisikia na kuamka sikio moja likiwa limezima, bila maumivu wala usaha, asisubiri lizibuke lenyewe. Hiyo ni dharura. Kuna matibabu, kwa kawaida ya dawa za steroidi, ambayo huwa na matumaini zaidi yakianza katika siku chache za mwanzo, na matumaini hayo hupungua sana baada ya wiki mbili. Kumimina mafuta ya moto, maji ya kitunguu au dawa za wapita njia zinazodaiwa kuzibua masikio ni kupoteza siku hizo, na huenda ni kuongeza kidonda.

Kwa wengi wengine ambao uharibifu umekwisha kutokea, msaada mkubwa ni kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho hapa nchini baadhi hukiita shimesikio. Kwa makadirio ya WHO, ni asilimia 17 tu ya watu duniani ambao wangenufaika na kifaa hicho wanaokitumia. Bei ni sababu mojawapo. Nyingine ni uhaba wa wataalamu wa kupima usikivu na kukirekebisha kifaa kiendane na sikio husika. Hapa Tanzania wataalamu hao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, na katika baadhi ya kliniki binafsi za mijini. Vile vinavyouzwa mitaani kwa bei ya kutupa mara nyingi huongeza sauti zote sawasawa, zikiwamo zile ambazo mtu anazisikia vizuri tayari.

Tatizo jingine ni matarajio. Miwani humrudishia mtu macho yake siku ileile. Kifaa cha sikio hakifanyi hivyo. Wiki za kwanza huleta kelele za ajabu: mlio wa sahani, karatasi zinazokunjwa, feni, nyayo za mtu mwenyewe. Ubongo uliosahau sauti hizo unahitaji muda kuzizoea. Asiye na mtu wa kumwambia kuwa hali hiyo ni ya kawaida hukivua na kukiweka kabatini, na fedha iliyochangwa na watoto hulala humo. Kwa jiji kama Dar es Salaam, jasho na unyevu pia ni adui wa vifaa hivi. Vinapaswa kukaushwa kila usiku.

Kwa wale ambao sikio limekufa kabisa, upo upasuaji wa kupandikiza kifaa kinachopeleka ishara za umeme moja kwa moja kwenye neva ya usikivu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa huduma hiyo mwaka 2017; kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipelekwa nje ya nchi. Nako, baada ya upasuaji hufuata miezi ya mazoezi ya kujifunza kusikia upya.

Sasa tuje kwenye msaada wa watu. Tanzania ina jumuiya ya viziwi yenye historia na lugha yake. Shule ya kwanza ya watoto viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuatiwa na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Kutokana na shule kama hizo kilikua kizazi kilichokuza Lugha ya Alama ya Tanzania, na katika miaka ya 1980 kikazaliwa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Wanachama wake wengi hawajioni kuwa wagonjwa. Wana lugha, wana utani wao, wana ndoa na viongozi.

Aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 45 hana hayo. Hajui alama hata moja, na mkewe na watoto wake hawazijui pia. Akienda kwenye mkutano wa viziwi anaona mikono ikizungumza asiambulie kitu. Akirudi kwa wanaosikia anaona midomo ikicheza asiambulie kitu. Kisheria, haki zake hazina shaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hizo ni hatua kubwa, ila mtu aliye katikati ya makundi mawili hahudumiwi na mkalimani wa lugha asiyoijua. Yeye anahitaji maandishi.

Hata hivyo anayo mengi ya kujifunza kwa viziwi waliomtangulia. Wao hukaa kwa duara ili kila mmoja aone uso wa kila mmoja. Humgusa mtu begani au huzima na kuwasha taa wanapotaka awaangalie, badala ya kuita. Hawaoni aibu kusema kuwa hawakuelewa. Kituo cha Neema Crafts mjini Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa kuwafundisha kazi za mikono vijana viziwi, kilikuja kuwa na mgahawa uliohudumiwa na viziwi, na wageni waliotoka mbali walijikuta wakiagiza chai kwa kuandika kwenye karatasi bila tatizo lolote. Kujifunza alama chache nyumbani nako kuna faida, mradi familia nzima ijifunze; alama zinazojulikana na mtu mmoja hazina wa kuzijibu.

Ndani ya nyumba ndimo penye kazi kubwa, na pengine ndimo penye jeraha kubwa pia. Muulize mtu yeyote aliyepoteza usikivu ni maneno gani humuumiza zaidi. Hatataja tusi la kiziwi. Atataja maneno mepesi kama haya: aa, siyo muhimu, basi tu, yaishe, nitakwambia baadaye. Watu sita wamecheka mezani, yeye ameuliza walichochekea, naye amejibiwa kuwa si kitu. Kwa aliyejibu, ni kuokoa muda. Kwa aliyeuliza, ni kuambiwa kuwa yeye hahesabiki miongoni mwa wanaopaswa kujua. Majibu kama hayo yakirudiwa kwa mwaka mmoja, mtu huacha kuuliza.

Badala yake, mzungumzaji na ajitokeze mbele yake, mwanga ukiwa usoni pa anayezungumza wala si nyuma yake. Aseme kwa sauti ya kawaida, taratibu kidogo, bila kutafuna wala kuziba mdomo kwa mkono. Asipoeleweka mara mbili, asirudie neno lilelile mara ya tatu; abadili. Badala ya keshokutwa aseme Jumatano. Tarakimu aziandike au azionyeshe kwa vidole, maana tumekwisha kuona habari za sita na tisa. Televisheni izimwe wakati wa chakula. Na mtu mmoja tu azungumze kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa familia zetu, ni lazima tukiri, ni gumu kuliko yote yaliyotangulia.

Naye mwenye tatizo ana wajibu wake, ambao ni kusema. Katika foleni ya hospitali majina huitwa kutoka mlangoni, na asiyesikia hurukwa akabaki kwenye benchi hadi mchana. Anayekwenda mapokezi mapema na kusema, "Dada, nikiitwa sitasikia, naomba unipungie mkono," mara nyingi hupata msaada huo bila swali la pili. Ndani ya daladala ni rahisi zaidi kumwambia konda kituo unachoshukia wakati wa kulipa nauli kuliko kutegea sikio jina la kituo. "Mwanangu, nigeukie unaponisemesha" ni maneno mafupi, lakini wapo wazazi waliokaa miaka kumi bila kuyatamka.

Kuyatamka kwa mara ya kwanza ndiko kugumu, na hapo ndipo mwenzako mwenye tatizo hilo anapokuwa na thamani ambayo daktari hana. Daktari anajua sikio. Mwenzako anajua namna ya kupokea simu ya mkwe.

Wazo la watu hawa kukutana wenyewe kwa wenyewe limekwisha kujaribiwa. Nchini Marekani, mwaka 1979, Howard Stone, ofisa mstaafu wa shirika la ujasusi la CIA aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa askari kijana, alianzisha chama cha kujisaidia cha watu wenye usikivu hafifu. Hakuwakusanya ili wafundishwe lugha ya alama wala ili wauziwe vifaa. Aliwakusanya waambiane wanavyoishi, pamoja na wake na waume zao. Kutoka kwenye vikundi vidogo vya mitaa kilikua chama cha kitaifa, ambacho leo huitwa Hearing Loss Association of America.

Kikundi kama hicho hakihitaji ofisi wala mfadhili ili kianze. Watu watano au sita wanatosha, na wanaweza kupatikana kwa kumwomba mtaalamu wa masikio awape wagonjwa wake taarifa, au kwa tangazo la msikitini na kanisani. Ukumbi wa shule siku ya Jumamosi unafaa kuliko baa iliyo kando ya barabara. Viti viwe duara, mchana, mapazia wazi. Mtu mmoja aandike mambo makuu kwenye ubao au kwenye kompyuta iliyogeuzwa ili wote wasome. Kila mwanachama aje na mtu mmoja wa nyumbani kwake, kwa kuwa yapo mambo ambayo mke atayasikia vizuri zaidi yakisemwa na mume wa mwingine. Na asiruhusiwe mtu yeyote kuuza dawa humo.

Katikati ya vikao, simu ya mkononi imekuwa mkombozi ambaye kizazi kilichopita hakikuwa naye. Ujumbe mfupi uliwarudishia watu hawa mazungumzo ambayo simu ya sauti iliwanyang'anya. Tangu mwaka 2017, Kiswahili kimo miongoni mwa lugha ambazo teknolojia ya Google hugeuza kutoka usemi kuwa maandishi, hivyo mtu anaweza kuweka simu mezani na kusoma anachoambiwa. Hukosea, hasa penye kelele na kwa maneno ya mitaani, lakini maandishi yenye makosa husaidia kuliko ukimya. Jambo moja tu kikundi chochote cha WhatsApp cha watu hawa huna budi kulikubali tangu siku ya kwanza: ujumbe wa sauti hautumwi humo, hata na mwenyekiti.